Parameta za URL, fomu, sesheni au kidakuzi: data ipitie mlango upi?

Abiria amechagua Dar es Salaam, akachagua Mang'ula, akaweka tarehe, akabonyeza Tafuta. Ukurasa wa pili ukafunguka na kumuuliza: unasafiri kutoka wapi?

Tovuti hiyo ya tiketi za mabasi niliiandika mwenyewe kwa PHP, lugha ya programu inayoendeshwa kwenye seva, na swali lile la kijinga lilikuwa kosa langu. Nilidhani kwa kuwa kurasa zote mbili zimo kwenye folda moja, zinajuana. Hazijuani. HTTP, itifaki ambayo kivinjari na seva huzungumza kwayo, haina kumbukumbu: seva inapokea ombi, inajibu, inamsahau mwombaji palepale. Skripti ya `tafuta.php` ikimaliza kazi, inaondoka na kila ilichokuwa imeshika. Chochote kinachotakiwa kuonekana kwenye `mabasi.php` lazima kibebwe, na wabebaji ni wanne: anwani ya ukurasa (yaani parameta za URL), mwili wa fomu (POST), sesheni (data ya mtumiaji inayotunzwa kwenye seva), na kidakuzi (cookie, kipande kidogo cha data kinachotunzwa na kivinjari).

Mafunzo mengi huwaeleza hawa wanne kana kwamba wanafanya kazi moja, basi uchague umpendaye. Sikubaliani. Nikikwama huwa nina kipimo kimoja: abiria akinakili anwani iliyo juu ya kivinjari na kuibandika kwenye grupu la familia la WhatsApp, mjomba akiifungua aone nini? Kama anatakiwa aone kilekile, data hiyo ni ya URL. Kama hapaswi kuiona, ni ya sesheni. Na kama kule kufungua tu kungefanya jambo litokee, kiti kikashikwa au oda ikafutwa, hiyo ni kazi ya POST. Kidakuzi nitakigusa baadaye kidogo, maana kazi yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Kwa mwenye haraka:

| | URL (GET) | Fomu (POST) | Sesheni | Kidakuzi |
|---|---|---|---|---|
| Data inakaa wapi | kwenye anwani | kwenye mwili wa ombi | kwenye seva | kwenye kivinjari |
| Inaishi muda gani | kadiri kiungo kinavyoishi | ombi moja tu | dakika 24 bila kuguswa, kwa mpangilio wa awali wa PHP | utakavyopanga |
| Mtumiaji anaweza kuibadili? | kirahisi kabisa | kwa kujitahidi kidogo | hapana | ndiyo |
| Ukubwa | usivuke herufi 2,000 | MB 8 kwa mpangilio wa awali | nafasi ya diski yako | baiti 4,096 hivi kwa kimoja |
| Kumtumia mwenzako | inafaa | haiwezekani | haiwezekani | haiwezekani |

Anwani inayosema kila kitu

Utafutaji wa mabasi niliurekebisha ukawa hivi:

```
mabasi.php?toka=Dar+es+Salaam&kwenda=Mang%27ula&tarehe=2025-08-14
```

Baada ya alama ya kuuliza kuna jozi za jina na thamani, zikitenganishwa na `&`. Upande wa pili unazipokea kwa `$_GET`:

```php
$kwenda = $_GET['kwenda'] ?? '';
```

Anwani ya namna hii imejitosheleza. Unaweza kuzima simu, ukaifungua kesho, ukapata orodha ileile. Kitufe cha kurudi nyuma hakimchanganyi mtu. Ukifungua vichupo viwili, kila kimoja kina safari yake, hakuna kinachoingilia kingine.

Kuna faida nyingine, ambayo kwa biashara za huku kwetu ni kubwa. Wateja wengi wanaingia kwa kubonyeza kiungo walichokikuta Instagram, na kivinjari kinachofunguka mle ndani si Chrome ya kwenye simu. Kina vidakuzi vyake peke yake. Mteja akiamua kuhamia Chrome, sesheni yake haimfuati, anaonekana mgeni. Kilichoandikwa kwenye URL kinahama naye.

Ila usiunge URL kwa mkono, kipande kwa kipande. Iachie PHP:

```php
$kiungo = 'mabasi.php?' . http_build_query([
    'toka'   => 'Dar es Salaam',
    'kwenda' => "Mang'ula",
    'tarehe' => '2025-08-14',
]);
echo '<a href="' . htmlspecialchars($kiungo) . '">Tazama mabasi</a>';
```

Nafasi inageuka `+`, apostrofi inageuka `%27`, na `&` inageuka `%26`. Ukiunga kwa mkono, kampuni yenye `&` kwenye jina lake itakatwa katikati, kwa sababu PHP itaamini kwamba nusu ya pili ni parameta nyingine. Namba ya simu ndiyo inayoumbua watu zaidi: `simu=+255...` ikipita bila kusimbwa, ile jumlisha inasomwa kama nafasi, na namba inafika bila kichwa. Kosa hilohilo linajirudia upande wa kupokea, pale mtu anapoita `urldecode()` juu ya `$_GET`. Usiite. `$_GET` imeshafumbuliwa kabla hujaigusa.

Hapa ndipo lugha yetu inapotupa kijaribio cha bure cha usalama: ng'. Chukua kodi iliyoandikwa kizembe:

```php
$sql = "SELECT * FROM safari WHERE kituo = '$kwenda'";
```

Morogoro inapita. Ifakara inapita. Mang'ula inafika, apostrofi yake inafunga nukuu kabla ya wakati, na MySQL, programu ya kanzidata, inalalamika kuhusu sintaksia. Abiria huyo hakuwa na nia mbaya yoyote, alitaka basi tu, lakini amekuonyesha tundu ambalo mwizi angelipitia kusoma kanzidata nzima. Nimeona tovuti zilizotibu tatizo hili kwa kuifuta apostrofi na kuandika "Mangula". Huko ni kuharibu jina la mahali na kuliacha tundu wazi. Dawa ni hii, thamani ipelekwe kando, isichanganywe na amri ya SQL:

```php
$q = $pdo->prepare('SELECT * FROM safari WHERE kituo = ?');
$q->execute([$kwenda]);
```

Na unapoirudisha thamani hiyo kwenye ukurasa, ipitishe `htmlspecialchars()`, ili alama zake zisisomwe kama HTML. Kama seva yako ina PHP ya kabla ya 8.1, ongeza `ENT_QUOTES`, kwa kuwa matoleo yale hayakuigusa apostrofi mpaka yaambiwe.

Mawili ya haraka kabla sijaendelea. Kwanza, fomu ya GET inafuta parameta zilizokuwa kwenye `action` yake. Ukiandika `<form method="get" action="mabasi.php?kampuni=3">`, ile `kampuni=3` haifiki; iweke kwenye uga uliofichwa. Mimi nilipoteza jioni nzima hapo. Pili, mtu akiandika `?id[]=5` badala ya `?id=5`, `$_GET['id']` inakuwa orodha, na `trim()` kwenye PHP 8 inaangusha ukurasa. Hakikisha ni maandishi au namba kabla ya kuitumia.

Kuhusu urefu, herufi 2,000 ni mazoea ya zamani yaliyotokana na Internet Explorer, ambayo ilikuwa inakomea 2,083. Apache, programu ya seva, kwa mpangilio wake wa awali hukubali mstari wa ombi wa baiti 8,190, ukizidi inajibu kosa 414. Lakini ukijikuta unapigia hesabu kikomo hicho, tayari umebeba mzigo usiostahili kuwa kwenye anwani.

Visivyofaa kupanda basi hili

Toleo langu la kwanza lilikuwa na kiungo hiki:

```
lipa.php?safari=88&kiti=A3&nauli=45000
```

Mwenye mabasi alinipigia simu kuniuliza imekuwaje abiria mmoja alipe shilingi 4,500 kwenda Mbeya. Abiria yule hakuwa mdukuzi, hakuwa na programu yoyote ya ajabu. Alifuta sifuri moja kwenye anwani, akabonyeza, akalipa, akapanda. Nilichofanya kwa aibu usiku ule ndicho ninachofanya mpaka leo: URL inabeba namba ya safari, nauli inasomwa kwenye kanzidata.

Usidhani kuhamishia nauli kwenye `<input type="hidden">` kungesaidia. Uga uliofichwa umefichwa machoni tu. Kwenye kompyuta, mtu anabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, anachagua kukagua ukurasa, anabadili thamani, anatuma.

Namba ya kumbukumbu nayo ina mtego wake. `tiketi.php?id=1041` inamwalika kila mtu ajaribu 1042, na kama skripti haiulizi "wewe ni mwenye tiketi hii?", basi imetoa jina na simu ya abiria mwingine. Makosa haya hayawapati wanaoanza peke yao. Mwaka 2019 ilibainika kwamba kampuni ya First American Financial ya Marekani ilikuwa imeacha wazi nyaraka zipatazo milioni 885 za mikopo na mauzo ya nyumba, na kuziona kulitaka tu kubadili tarakimu kwenye kiungo. Kuonekana kwa namba kwenye URL hakukuwa tatizo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa akiuliza mlangoni.

Nenosiri na siri nyingine zikae mbali na URL kabisa. HTTPS inaificha parameta njiani, hilo ni kweli, lakini anwani nzima inaandikwa kwenye kumbukumbu za seva na kwenye historia ya kivinjari. Kwenye kompyuta ya internet cafe, historia hiyo ni ya kila anayekaa kiti kile baada yako.

Halafu kuna viungo vinavyotenda. `futa.php?id=12` kinaonekana hakina neno mpaka kitu kisicho binadamu kikibonyeze. Mwaka 2005 Google ilitoa kifaa kilichoitwa Web Accelerator, kilichokuwa kikifungua viungo vya ukurasa mapema ili mtumiaji asisubiri. Kilifungua na vile vya kufuta. Watu waliokuwa wameingia kwenye akaunti zao walikuta kazi zao zimetoweka. Siku hizi WhatsApp hufungua kiungo unachokituma ili ipate kichwa na picha ya kuonyesha kwenye ujumbe. Kama kiungo chako cha "thibitisha" au "ghairi" hakidai mtu aingie kwanza, kinaweza kutekelezwa kabla mlengwa hajasoma ujumbe.

POST: kwa jambo linalotokea mara moja

POST hubeba data kwenye mwili wa ombi, haiandikwi kwenye anwani, na mashine zinazochungulia viungo hazibonyezi fomu. Kwa hiyo kukata kiti, kubadili jina la abiria, kughairi safari, kuingia kwa nenosiri, vyote ni POST. Bila HTTPS, hata hivyo, mwili huo unasomeka njiani kama barua isiyo na bahasha.

Udhaifu wake unaujua ukiwa na mtandao wa kusuasua. Abiria anabonyeza Kata Tiketi, ukurasa unazunguka, anapakia upya, kivinjari kinamuuliza kama atume fomu tena, anakubali. Viti viwili. Dawa ni skripti ya POST kutoonyesha ukurasa wowote, bali kumaliza kazi na kumwelekeza mtu kwingine:

```php
header('Location: tiketi.php?kumb=' . $kumb, true, 303);
exit;
```

Akipakia upya sasa, anapakia tiketi. (Ile `exit` si pambo. Ukiisahau, skripti inaendelea kukimbia huku mtu ameshaondoka.) Anayebonyeza mara mbili kabla jibu halijarudi hazuiwi na hili, kwake weka sharti kwenye kanzidata kwamba safari moja na kiti kimoja havijirudii.

Weka pia tokeni ya siri ndani ya fomu na uilinganishe na iliyo kwenye sesheni, ili tovuti nyingine isimtumie mteja wako kujaza fomu yako bila yeye kujua. Na achana na `$_REQUEST`, inayochanganya GET na POST kwenye kapu moja. Ukiitumia, kile ulichokusudia kije kwa fomu kitaweza kuletwa kwa kiungo.

Sesheni: begi ambalo seva inakutunzia

Kwa sesheni, kivinjari hubeba namba ya risiti tu, kidakuzi kinachoitwa `PHPSESSID`. Mzigo wenyewe uko kwenye seva. Mteja hawezi kuugusa. Ndiyo maana utambulisho wa aliyeingia unakaa hapa, pamoja na haki zake na ujumbe mfupi wa "umefanikiwa" unaoonyeshwa mara moja na kufutwa.

Baada ya kuchomwa na nauli, nilihamishia kila kitu kwenye sesheni. Anwani zikawa safi: `mabasi.php`, `viti.php`, `lipa.php`, hakuna hata alama ya kuuliza. Nilijiona fundi. Wiki haikuisha, dada mmoja akaja kulalamika kwamba alichagua basi la saa kumi na mbili asubuhi na tiketi ikatoka ya saa tatu. Alikuwa amefungua vichupo viwili alinganishe. Akaangalia la alfajiri, akaenda kichupo cha pili akaangalia la saa tatu, akarudi kwenye la alfajiri na kulipa. Sesheni ni moja kwa kivinjari kizima, haijui vichupo. `$_SESSION['safari']` ilikuwa na alichokigusa mwisho.

Kwa hiyo usiweke kwenye sesheni chaguo ambalo mtu anaweza kulifanya mara mbili kwa wakati mmoja. Namba ya safari na kiti vikae kwenye URL au kwenye fomu ya ukurasa husika. Kinachobaki kwenye sesheni ni kile kilicho kimoja kwa mtu huyo popote alipo ndani ya tovuti.

Muda nao unasumbua. Mpangilio wa awali, `session.gc_maxlifetime`, ni sekunde 1,440, yaani dakika 24. Anayejaza majina ya watu kumi na watano wanaokwenda msibani, huku akimpigia kila mmoja kuuliza namba ya kitambulisho, anaweza kuzimaliza kabla hajafika kwa mtu wa kumi. Kwenye hosting ya kuchangia (seva moja, tovuti nyingi) hali huwa mbaya zaidi ikiwa tovuti zote zinahifadhi sesheni folda moja: jirani aliyepanga muda mfupi atafagia na za kwako. Panga folda yako.

Kuna tovuti za zamani ambazo ziliandika namba ya sesheni ndani ya URL, `?PHPSESSID=...`, kwa ajili ya vivinjari visivyopokea vidakuzi. Anayetuma kiungo cha namna hiyo kwenye grupu anagawa ufunguo wa akaunti yake. PHP 8.4, ya mwaka 2024, imeanza kutoa onyo kwa anayewasha tabia hiyo, na ukiikuta kwenye kodi uliyorithi, izime leo. Baada ya mtu kuingia, ita pia `session_regenerate_id(true)` ili namba aliyokuja nayo isiwe na thamani tena.

Kidakuzi

Kitumie kwa kitu ambacho hata kikibadilishwa hakuna hasara: lugha aliyochagua, kituo anachoondokea mara nyingi. Nilichokiona kikiwekwa humo na kusikitika ni `admin=0`. Unajua mtu atakiandika nini.

Pale malipo ya simu yanapoingia

Hapa ndipo anayetegemea sesheni peke yake hukwama. Abiria anaweka namba yake, anapata ombi kwenye simu, anaingiza PIN. Jibu la malipo haliletwi na kivinjari chake. Linaletwa na seva ya mtoa huduma, ikiita anwani uliyoitoa, na seva ile haina kidakuzi cha abiria wako. Ukiita `session_start()` pale unapata sesheni mpya, tupu. Nimeona watu wakihangaika siku mbili wakijiuliza `$_SESSION['oda']` imekwenda wapi.

Kinachounganisha ni namba ya kumbukumbu. Kwa Daraja, mfumo wa Safaricom ya Kenya wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, ukituma ombi la STK (lile linalomtokea mteja kwenye simu aingize PIN) unarudishiwa `CheckoutRequestID`. Unaihifadhi kwenye kanzidata kando ya oda, na jibu likija lina namba hiyohiyo. Kivinjari cha abiria, kwa upande wake, kinasubiri kwenye `subiri.php?kumb=...` na kuuliza kila baada ya sekunde chache kama oda hiyo imelipwa.

Hiyo `kumb` ninaitengeneza kwa `bin2hex(random_bytes(16))`, herufi 32 ambazo hakuna wa kuzikisia, na ndiyo ileile inayofungua tiketi. Kiungo cha tiketi nimekiacha kikiwa cha URL kwa makusudi, hakidai kuingia, kwa sababu anayelipa mara nyingi si anayesafiri: kijana yuko Dar, anamkatia mama tiketi, anamtumia kiungo, mama anamwonyesha konda mlangoni. Ukurasa ule unaonyesha jina, kiti, basi na saa. Namba ya simu ya aliyelipa haipo, kitufe cha kughairi hakipo, na siku mbili baada ya safari kiungo kinafunguka kikiwa na maneno matatu tu: Safari hii imekwisha.